Meno ya Mpiga Pembe

Shemaya Benarosh alianguka kwenye ngazi za mtaa wao wiki ya mwisho ya mwezi wa Eluli, ule unaotangulia Mwaka Mpya wa Kiyahudi, akiwa amekumbatia tikiti maji. Tikiti lilinusurika. Ngazi za mji wa Safed ni za mawe, zimelainishwa na nyayo za vizazi na vizazi, na mtu akiteleza juu kinachobaki ni kufika chini. Shemaya alifika chini kifudifudi. Akaketi, akajipapasa mdomo, akapitisha ulimi pale mbele na kukuta uwanja mtupu.

Mkewe, Sultana, alitoka mlangoni akimenya kitunguu. Akalitazama tikiti kwanza.

"Limepasuka?"

"Hapana."

"Na wewe?"

Shemaya akafungua kinywa. Sultana akachungulia kwa muda, kama anayechungulia chungu kuona kama maji yamechemka.

"Ingia ndani, Baba Elazar," akasema. "Na usiongee na mtu njiani. Watadhani nimekupiga."

Angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia kwenye mkate laini na supu. Lakini Shemaya alikuwa mpiga pembe. Sikukuu ya Mwaka Mpya ndiyo siku ambayo binadamu wa kwanza aliumbwa, na siku hiyo hakuna sinagogi inayoweza kukaa bila mlio wa pembe ya kondoo dume. Sinagogi yao ilikuwa ndogo, imepakwa rangi ya buluu ndani na nje, na Shemaya alikuwa ameipigia pembe tangu ndevu zake zikiwa nyeusi tii. Watu wa mtaa walikuwa wamezoea. Walipomwona barabarani mwezi wa Eluli walimtazama midomo kabla ya kumtazama macho.

Isitoshe, alikuwa na fundisho lake. Kila Sabato alasiri, watu wakingoja swala ya jioni mbele ya sahani za zeituni na samaki wa chumvi, Shemaya aliwafundisha habari za mwanzo wa dunia. Alisema kwamba nuru ya kwanza ilikuwa kali mno, vyombo vilivyotakiwa kuibeba vikapasuka, cheche zikatawanyika kila pembe ya ulimwengu. Na kwamba kila mtu anayezaliwa ametumwa kuokota cheche zake mwenyewe, ambazo mwingine hata akizikanyaga hawezi kuziokota. Mwishoni alikuwa akinyamaza kidogo, kisha anasema, "Mimi nilichotumwa ninakijua." Hapo watu wote waligeuka kulitazama kabati la pembe, maana walijua ndicho kinachotakiwa.

Sultana alimpeleka kwa daktari wa meno siku ileile. Daktari Zinaida alikuwa mama wa makamo aliyehamia kutoka Odessa mwaka uliotangulia, na alikuwa bado hajapata maneno mengi ya lugha ya nchi. Aliyokuwa nayo alikuwa akiyatumia bila kuyapamba.

"Kaa. Fungua." Akatazama. "Vibaya."

"Daktari, nitaweza kupiga pembe?"

"Honi? Honi ya gari unapiga kwa mkono. Meno ya nini?"

"Si honi. Pembe ya kondoo. Napuliza kwa mdomo. Ni kwa ajili ya siku aliyoumbwa binadamu."

Daktari Zinaida akachukua kijiti chake cha chuma na kuligonga jino moja lililobaki pembeni. Shemaya akaruka.

"Binadamu ameumbwa vibaya," daktari akasema. "Meno hasa. Aliyeumba hakuuliza mtu."

"Aliuliza," Shemaya akajibu, kinywa wazi. "Aliwauliza malaika."

"Wakasema nini?"

"Waligawanyika. Malaika wa Huruma akasema aumbwe, atatenda mema. Malaika wa Kweli akasema asiumbwe, atakuwa mwongo mtupu."

"Nani alishinda?"

"Malaika wa Kweli alitupwa chini, kwenye ardhi."

Daktari akafikiri juu ya hilo huku akikoroga unga wa kuchukulia vipimo.

"Haya," akasema. "Uma hapa. Usiongee."

Alhamisi meno ya bandia yakawa tayari. Yalikuwa meupe kupita meno aliyowahi kuwa nayo, na alipotabasamu kwenye kioo alifanana na mtu anayeuza mazulia. Shemaya hakujali. Alichukua pembe, akapanda juu ya paa la nyumba, akasimama miguu wazi kama kawaida yake, akapuliza.

Ikatoka sauti ya maji ya mwisho kwenye bomba la sinki.

Akakaza midomo, akavuta pumzi kutoka tumboni, akapuliza kwa nguvu zaidi. Safari hii haikutoka sauti yoyote, kwa sababu meno yaliingia ndani ya pembe. Ilibidi ashuke jikoni, na Sultana akaigonga pembe kwenye ukingo wa meza mpaka meno yakatoka. Sultana akayaosha, akampa. Shemaya akarudi juu akajaribu bila meno. Ulitoka upepo tu. Paka aliyekuwa amelala juu ya tangi la maji hakufungua hata jicho.

Jioni hiyo Avinoam, mtunza sinagogi, alikuja kukaa barazani kwao. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye habari mbaya zote za mtaa zilipitia kwake.

"Bwana Shemaya, pole. Nimezunguka mji mzima. Kila anayejua kupiga ana sinagogi yake. Wale vijana wa chuo wameshachukuliwa, mpaka yule mwenye kigugumizi. Bahati yetu sikukuu ni siku mbili, na ya kwanza ni Sabato, na Sabato hatupigi. Kwa hiyo ni Jumapili tu. Lakini Jumapili lazima."

"Ninajua Jumapili ni lini."

"Ndiyo. Basi." Avinoam akachukua lozi, akaitazama, akairudisha. "Yupo mtu mmoja."

Sultana akatoka ndani na chai.

"Mtajeni tu," akasema. "Peretz. Jina la mtu si jipu."

Peretz Hakimian, mtu wa Isfahan kule Uajemi kwa asili, fundi wa kushona viti, alikuwa zamani msaidizi wa Shemaya wa kupiga pembe. Ugomvi wao ulianzia kwenye samaki wa chumvi, Sabato moja alasiri, mbele ya watu wote. Shemaya alikuwa anafundisha kwa nini binadamu aliumbwa mwisho, baada ya nyota na samaki na wanyama. Akasema ni heshima: mwenye nyumba huandaa meza kwanza, ndipo amwite mgeni. Peretz, kutoka kule mwisho wa benchi, akasema ipo sababu nyingine. Mtu aliumbwa mwisho ili siku akianza kuvimba kichwa aambiwe kwamba hata mbu alimtangulia.

"Kwa hiyo, Bwana Shemaya," akaongeza, "mbu ni kaka yako. Ukimwona usimpige, mwamkie."

Watu walicheka mpaka zeituni zikamwagika. Shemaya hakucheka. Alisema mbu ni ndugu wa Peretz zaidi, kwa sababu hata pembe ya Peretz inalia kama mbu. Hapo kicheko kikakatika. Peretz akakunja shali yake ya sala taratibu, akatoka, akaenda kusali sinagogi ya watu wa Uajemi kule juu. Ikapita miaka mingi. Wakikutana sokoni kila mmoja aligundua ghafla kwamba anahitaji kitu upande mwingine.

"Siendi," Shemaya akasema.

Avinoam alipoondoka, Shemaya aliingia chumbani, akalala na kugeukia ukuta. Meno yake yalikuwa kwenye glasi juu ya kabati, yakitabasamu peke yao. Baadaye Sultana akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Unaumwa?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Unajua zile shule mbili za wazee wetu wa kale zilibishana miaka miwili na zaidi kama ingekuwa heri binadamu asingeumbwa kabisa. Wakachoka kubishana, wakapiga kura."

"Ikawaje?"

"Tulishindwa. Walisema heri asingeumbwa."

Sultana akanyoosha shuka kwa kiganja.

"Na baada ya kura? Walifunga mkutano wakaenda kula?"

Shemaya akageuka kutoka ukutani. Alijua anakopelekwa.

"Walisema kwamba madhali ameshaumbwa, basi ayachunguze matendo yake."

"Haya. Wewe umeshaumbwa, hilo limepita," Sultana akasema, akainuka. "Kesho asubuhi nenda kwa Peretz. Na uvae meno."

Ijumaa asubuhi mji mzima ulikuwa unanuka mikate ya sikukuu. Shemaya alipanda ngazi kuelekea kwa Peretz, akiwa na komamanga mawili kwenye mfuko, kwa sababu Sultana alisema mtu haendi kuomba mikono mitupu. Alikuwa ametayarisha maneno. Yalikuwa mafupi, yenye heshima, na hayakumlaumu yeyote, hasa yeye mwenyewe.

Peretz alifungua mlango amevaa aproni, kijiko mkononi. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo mtu hazeeki kwa miaka peke yake. Akamtazama Shemaya usoni kwa muda.

"Una meno mapya."

"Ya zamani yalivunjika."

"Yananing'aria. Ingia, usisimame hapo, upepo."

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko. Kitanda kilikuwa kimeshika chumba chote, na juu yake alilala Mahin, mke wa Peretz, ambaye Shemaya alimkumbuka kama mwanamke aliyecheka kwa sauti upande wa wanawake mpaka wanaume wakageuka. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa amtunzie. Macho yake yalimfuata Shemaya toka mlangoni mpaka kwenye kiti.

"Kiharusi," Peretz akasema. "Majira ya baridi ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi," Shemaya akarudia. "Hatukujua."

"Mngejuaje? Nilipoacha kwenda kule juu, wao walidhani nimerudi kwenu. Ninyi mlidhani niko kwao. Kila sinagogi ilishukuru kwamba nyingine imenipata."

Shemaya akatafuta maneno yake mafupi yenye heshima na hakuyaona. Akayatoa makomamanga, akayaweka mezani. Chini ya meza aliona godoro jembamba limeviringishwa. Peretz aliyafuata macho yake.

"Nalala jikoni. Si mnafundisha katika mji huu kwamba Mungu alijaa kila mahali, ikabidi ajisogeze kando ili dunia ipate nafasi? Basi na mimi nimejisogeza. Ila Yeye naona hakujigonga kichwa kwenye jiko la gesi."

"Peretz," Shemaya akasema, "nataka utupigie pembe Jumapili."

Peretz akarudi jikoni, akakoroga sufuria, akarudi.

"Ile inayolia kama mbu?"

"Hiyohiyo."

"Siwezi kumwacha. Nikienda kununua mkate nakimbia kama mwizi. Mara moja nilichelewa kidogo, nikakuta ameteleza kutoka kwenye mto, ananitazama kutoka chini. Hakusema kitu. Ni afadhali angesema."

"Nitakaa naye mimi."

"Wewe?"

"Sultana mgongo wake haumruhusu kuinua mtu. Halafu amesema amenisikia mimi maisha yake yote, mwaka huu anataka kumsikia mtu mwingine. Mlango tutauacha wazi, kama desturi inavyotaka kwa mke wa mtu."

"Mgonjwa ni mgonjwa," Peretz akasema. "Lakini ndiyo, wazi. Unajua kumnywesha mtu bila maji kumpalia?"

"Hapana."

"Unajua kumgeuzia mto?"

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Shemaya alifundishwa kuweka mkono nyuma ya bega na si nyuma ya shingo, kutia maji kidogo kwenye kona ya mdomo iliyo hai, kungoja. Mahin alivumilia somo lote. Mwisho Shemaya alikuwa anatoka jasho na Peretz alikuwa ameridhika kwa kiasi.

"Na pembe hutaisikia," Peretz akasema mlangoni. "Umelifikiria hilo? Ni amri kuisikia."

"Ukirudi utampigia yeye. Nitasikia hapo."

"Na lile jambo lingine?"

"Lipi?"

"La mbu."

Shemaya akatazama ngazi.

"Wazee wetu walisema yote mawili," akasema. "Meza ya mgeni, na mbu pia. Sote tulikuwa sahihi."

"Hilo nililijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaongea."

Sabato ikapita kimya bila pembe, kama inavyotakiwa. Jumapili asubuhi Shemaya alikuwa kwa Peretz mapema. Peretz alikuwa amevaa nyeupe, ameshika pembe ya Shemaya kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Alieleza tena habari ya maji, habari ya mto, habari ya supu iliyokuwa juu ya bamba la moto. Akafika ngazini, akarudi, akaeleza habari ya supu. Kisha akaenda, na Shemaya akamsikia akishuka mbio.

Basi wakabaki wawili. Mlango ulikuwa wazi. Watoto wa jirani walikuwa wanapanda na kushuka, wakichungulia kila walipopita. Dirisha lilitazama upande wa bonde na makaburi, ambako hakuna sinagogi, na uliingia upepo tu. Shemaya aliketi mikono magotini. Katika maisha yake hakuwahi kuwa mahali pengine siku hiyo, saa hiyo, na mikono haikujua pa kwenda. Akafanya alilolijua: akafundisha.

"Mahin," akaanza, "leo ndiyo siku aliyoumbwa Adamu. Mwenyezi Mungu alipotaka kumfinyanga hakuchota udongo mahali pamoja. Alikusanya vumbi kutoka pande zote za dunia, ili mtu popote atakapofia, ardhi ya pale isimwambie: wewe si wangu, rudi kwenu."

Mahin alikuwa anasikiliza. Maneno kwake yalikuwa yanachukua muda, yalitoka moja moja kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba.

"Isfahan?" akasema.

"Naam. Na Isfahan."

"Nyingi?"

"Hawakusema kiasi."

Akafikiri.

"Safed?"

"Na Safed pia."

"Safed," Mahin akasema, "mawe tu."

Shemaya alilikubali hilo. Akaendelea. Alieleza kwa nini Adamu aliumbwa peke yake, ili baadaye mtu asije akamwambia mwenzake baba yangu ni mkubwa kuliko wako. Alieleza malimwengu yaliyotangulia huu, ambayo Mungu aliyaumba na kuyabomoa kwa kuwa hayakumpendeza, mpaka akafika kwenye huu akasema huu sasa unafaa. Akaeleza vyombo na cheche. Alikuwa anakaribia mahali pa kunyamaza, na alinyamaza, lakini sentensi yake ya mwisho haikuja. Akaondoa uzi usiokuwepo kwenye suruali.

"Peretz," Mahin akasema, "hayo... alishasema."

"Alikwambia yeye?"

"Fupi."

Shemaya akaitika kwa kichwa. Akamtia maji kidogo kwenye kona ya mdomo, akangoja, hayakumpalia. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa mbele, na kwa jua hilo alijua kwamba kule chini sasa watu wamesimama, Peretz ameinua pembe, Avinoam anawanyamazisha watoto.

"Pembe," Mahin akasema.

"Inakuja. Peretz atakuja nayo."

"Sasa."

"Ipo kwa Peretz, mama. Vumilia kidogo."

"Wewe," akasema Mahin. Mkono wake mzima ukainuka polepole, ukafika mdomoni, ukajikunja kama bomba. "Wewe... mpiga."

Shemaya akamweleza habari ya ngazi, ya tikiti, ya daktari wa Odessa. Akamweleza hata habari ya meno kuingia ndani ya pembe, ambayo hakuwa amemweleza mtu. Mahin alimngoja amalize, mkono bado uko mdomoni. Alipomaliza, mkono haukushuka.

Shemaya akageuka akatazama mlangoni. Watoto walikuwa wameshuka. Akatoa meno, akayafunga kwenye leso, akatia mfukoni. Akasimama miguu wazi. Akakunja viganja vyote viwili mbele ya mdomo, akavuta pumzi kutoka tumboni, akapuliza.

Ilitoka sauti ya kuku aliyekanyagwa. Kwa sheria haikuhesabika kuwa kitu: hapakuwa na pembe, hapakuwa na mlio, hapakuwa na mpiga. Lakini Shemaya alikuwa amezoea kwamba kinachoanzwa siku hiyo kinamalizwa. Akatoa mlio mrefu, akatoa ile mitatu ya kuguna kama mtu aliyebeba mzigo, akatoa ile midogo midogo ya kwikwi, akarudi kwenye mrefu. Mate yalimtoka. Mashavu, yakiwa hayana cha kuyashikilia, yaliingia ndani na kutoka nje.

Kutoka kitandani ikatoka sauti. Alidhani amepaliwa kwa namna fulani, akageuka haraka. Mahin alikuwa anacheka. Nusu ya uso ilikuwa inacheka na nusu nyingine ilikuwa inatazama, na mabega yote mawili yalikuwa yanatikisika, hata lile lililokuwa halitikisiki.

Hakuna mtu aliyewahi kuicheka pembe ya Shemaya Benarosh. Alisimama pale, viganja bado mdomoni, akingoja kuona aibu. Alingoja vya kutosha. Haikuja.

"Tena," Mahin akasema.

Akampigia tena. Wale watoto walirudi wakasimama mlangoni, wakatazama, wakakimbia kwenda kuwaita wengine.

Baadaye akampa supu, kijiko kwa kijiko, na akaimaliza. Shemaya alikuwa ameshavaa meno yake Peretz alipoingia akihema, shali inapepea nyuma. Kitu cha kwanza Peretz alichokitazama ni kitanda. Cha pili, bakuli.

"Umemwaga?"

"Amekula."

"Yote?"

"Yote."

"Kwangu anakula nusu," Peretz akasema, na haikuwa sauti ya furaha moja kwa moja. "Umemfanya nini?"

"Nimemfundisha."

"Kuhusu nini?"

"Udongo wa Adamu."

Peretz akamtazama mkewe. Mahin akafumba macho, kama watu wanavyofanya wasipotaka kuulizwa.

Basi Peretz akasimama mbele ya kitanda, akasoma baraka, na Shemaya akasimama kando yake akimtajia milio kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, kama Peretz alivyokuwa akimtajia yeye zamani. Mlio wa kwanza uliingia chumbani na kukijaza mpaka vikombe kabatini vikaanza kugongana. Ulikuwa mlio mpana, ulionyooka, usiotetemeka mahali. Shemaya alikuwa hajasimama karibu na pembe ya mtu mwingine tangu Peretz alipoondoka. Alisahau kutaja mlio uliofuata, na Peretz ilibidi amguse kwa kiwiko.

Ilipokwisha, Mahin alikuwa na machozi mpaka sikioni. Peretz akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamfuta kwa ncha ya shali.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Nzuri," Mahin akasema. Kisha, baada ya muda, akamwelekezea Shemaya kidole. "Yake... inachekesha."

Peretz akamgeukia Shemaya. Shemaya akaanza kukusanya vyombo.

Alipofika nyumbani, Sultana alikuwa ameshaandaa meza: tofaa na asali, kichwa cha samaki, viazi vitamu. Walikula wawili tu, maana mtoto wao Elazar alikuwa kwa wakwe zake Haifa.

"Peretz anapiga vizuri," Sultana akasema.

"Ninajua."

"Kuliko wewe."

"Hilo pia ninalijua."

Sultana akaweka uma chini.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani," Shemaya akasema, akaomba asali.

Siku ya Toba Peretz alipiga tena ule mlio mmoja wa mwisho wa kumalizia saumu, na Shemaya akakaa tena na Mahin. Baada ya sikukuu hakuna aliyemwambia aendelee kwenda, na yeye hakumwambia mtu kwamba ataendelea; asubuhi fulani fulani alichukua kofia akaenda, na Peretz akawa anapata nafasi ya kununua mkate akitembea. Alijifunza kumgeuza Mahin bila kutoka jasho. Siku moja Peretz alirudi mapema akasimama nje ya mlango, akawasikia, hakuingia mpaka kicheko kilipokwisha. Hakuwahi kuuliza tena.

Avinoam alileta lalamiko kwamba fundisho la Sabato alasiri limekufa, maana mwalimu yuko kwa Peretz na watu wanakula zeituni kimya kimya kama kuku. Basi fundisho likahamishiwa huko. Chumba hakikutosha, waliowahi waliketi jikoni kwenye godoro la Peretz, waliochelewa waliketi kwenye ngazi, na zeituni zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka nje. Walianza na mwanzo, yaani siku ya kwanza na nuru yake. Shemaya alisema neno, Peretz akasema kwamba ipo sababu nyingine, waliokuwa kwenye ngazi wakauliza amesema nini, wakaelezwa, wakachagua upande.

Kijana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na jiko aliuliza siku moja jinsi mtu anavyoweza kuzijua cheche zake mwenyewe, asije akapita miaka anaokota za wengine. Watu wote wakamgeukia Shemaya. Shemaya akasema hajui. Alikuwa anadhani anajua, akasema, na akamwomba kijana asogee kidogo kwa sababu amezuia njia ya maji ya Mahin. Wengine walisema jibu hilo ni la kina sana na wakalijadili mpaka swala ya jioni. Peretz alisema si la kina, Bwana Shemaya kwa kweli hajui.

Walibishana hivyo majira yote ya baridi. Kufikia Pasaka walikuwa bado wako siku ya sita, Adamu hajapuliziwa pumzi, na Mahin alikuwa ameshaweza kusema sentensi nzima. Ya kwanza aliitoa Sabato moja mvua ikinyesha, Shemaya na Peretz wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa kitanda.

"Ninyi wawili," akasema, "punguzeni sauti, halafu mmoja wenu afunge dirisha."

Wote wawili wakaenda dirishani.